Kutambua Xanthoparmelia chlorochroa bila kubahatisha: mwongozo kamili, kuanzia nyikani hadi kwenye bahasha

Picha ninazotumiwa karibu zote zinafanana. Kitu cha kijani-njano kimejikunja juu ya udongo mkavu, kimepigwa kwa juu, na chini yake swali: "Hii ndiyo yenyewe?" Kwa picha ya namna hiyo hakuna mtu anayeweza kujibu, hata bingwa. Halafu wapo waliojaribu kipimo cha potashi, yaani kugusa sampuli kwa tone la potashi kali uone kama itabadilika rangi, hawakuona rangi, wakaitupa sampuli ambayo huenda ilikuwa sahihi kabisa.

Tatizo la makundi yote mawili ni lile lile. Wanaishughulikia sehemu ya juu, wakati majibu yako upande wa chini na ndani. Mwongozo huu unakupeleka huko hatua kwa hatua.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kuvumwani, ambayo wengine huiita laikeni, ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Xanthoparmelia chlorochroa ni kuvumwani ya udongoni isiyojishika popote: inalala wazi juu ya ardhi, upepo na kwato za wanyama huivunja vipande, na vipande hivyo hukua vikawa kuvumwani nyingine. Makazi yake ni nyika kavu zenye baridi za Amerika Kaskazini, kuanzia Alberta na Saskatchewan huko Kanada, kupitia Montana, Wyoming, Dakota na Colorado, hadi Arizona na New Mexico. Kwa Waswahili walioko Denver, Greeley au Fort Morgan, nyika ya Pawnee iko karibu sana kwa gari.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kutoka

Vya nyikani:

- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Bila hii usisafiri.
- Chupa ndogo ya kupulizia, iliyojazwa maji safi.
- Bahasha za karatasi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani.
- Penseli na daftari. Wino wa kalamu ya kawaida huvuja ukilowa.
- Rula fupi ya kuweka kwenye picha.
- Simu yenye GPS na ramani ya umiliki wa ardhi iliyopakuliwa, kwa sababu maeneo mengi hayo hayana mtandao.

Vya mezani:

- Haidroksaidi ya potasiamu, yaani potashi kali. Wauza vifaa vya sabuni wanayo. Ukikosa, soda ya kostiki wanayotumia watengeneza sabuni hufanya kazi karibu sawa kwa kipimo hiki.
- Chupa ndogo ya plastiki ngumu yenye kifuniko kinachobana. Isiwe ya kioo, kwa sababu potashi hula kioo polepole na kugandisha kizibo.
- Wembe mpya.
- Vijiti vya meno vya mbao.
- Karatasi nyeupe ya shashi.
- Glavu na miwani ya kujikinga.
- Taa nyeupe. Balbu ya njano itakudanganya, na nitaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Maliza suala la ruhusa

Hatua hii inachosha, na ndiyo maana watu huiruka.

Katika hifadhi za taifa za Marekani huruhusiwi kuokota hata kipande bila kibali cha utafiti. Kwenye ardhi nyingine za serikali kuu, kanuni hutofautiana kati ya ofisi na ofisi, kwa hiyo piga simu ofisi ya eneo husika na uulize kwa maneno haya haya: "Nataka kuchukua kuvumwani chache za udongoni kwa utambuzi, je, ninahitaji kibali?" Kwenye ardhi ya mataifa ya wenyeji, mfano Navajo, ruhusa inatoka kwao wenyewe. Wafumaji wa Navajo wameichemsha kuvumwani hii tangu zamani kutia sufu rangi za kahawia na machungwa, kwa hiyo usidhani unaokota kitu kisicho na mwenyewe.

Uwe mwangalifu zaidi kusini mwa Wyoming, karibu na Rawlins. Ramani ya umiliki pale imekaa kama ubao wa drafti: maili moja ya mraba ya serikali, inayofuata ya mtu binafsi, ikirudi tena ya serikali. Ni matokeo ya ardhi iliyogawiwa kampuni ya reli karne ya 19. Unaweza kutembea dakika kumi ukawa umeingia kwa watu bila kuona uzio wowote.

Umefanikiwa ukiwa na: jina la ofisi au mwenye ardhi aliyekuruhusu, na mpaka wa eneo kwenye simu yako.

## Hatua ya 2: Chagua uwanda na siku

Usitafute penye nyasi ndefu. Kuvumwani hii inahitaji mwanga na ardhi tupu, na nyasi zikiwa nene huifunika ikafa. Mahali pazuri ni uwanda wa nyasi fupi unaopata mvua chini ya milimita 400 hivi kwa mwaka, wenye baridi kali majira ya baridi, na udongo wa mfinyanzi au changarawe unaoonekana katikati ya mashina ya nyasi. Vilele vya vilima vinavyopigwa na upepo ni vizuri. Maeneo yenye vichaka vya jamii ya pakanga pia ni mazuri.

Kama mahali palilimwa na kuachwa, songa mbele. Jembe huizika, na inavyokua polepole huchukua miaka mingi kurudi.

Nenda asubuhi, siku kavu, ikiwezekana siku moja au mbili baada ya mvua au theluji kuyeyuka. Usiende siku yenyewe ya mvua. Mfinyanzi wa nyanda hizo ukilowa hushika matairi mpaka gari haliendi mbele wala nyuma, na wa kukuvuta yuko mbali.

Onyo: Kupe huwa wengi majira ya kuchipua, na nyoka wa njuga hupenda mawe yenye joto. Tumbukiza suruali ndani ya soksi, na usiweke mkono chini ya kichaka usichokiona ndani.

## Hatua ya 3: Tafuta ukiwa umechuchumaa

Ukitembea wima utaona udongo, nyasi na mavi ya sungura. Chuchumaa, kaa hapo dakika chache, na acha macho yazoee.

Angalia sehemu tatu. Kwanza, nafasi tupu katikati ya mashina ya nyasi. Pili, upande wa kichaka uliojikinga na upepo, kwa kuwa vipande vinavyoburutwa hukwama pale. Tatu, vishimo na mifereji midogo ambako maji ya mvua huvikusanya. Ukiipata moja, usiinuke, maana nyingine nyingi ziko karibu.

Ikiwa kavu, ndimi zake, yaani vipande bapa vinavyounda mwili wake, hujikunja kuelekea chini na ndani, na nzima hugeuka kitu chenye mikunjo, cha kijani-njano kilichopauka, upana wa sentimita chache. Inakatika ukiiminya. Sasa ipulizie maji na usubiri. Ndani ya dakika moja au mbili inaanza kufunguka mbele ya macho yako: ndimi zinatanuka, zinalainika, na kijani kinakolea. Kinachotokea ni kwamba ganda la juu likilowa huruhusu mwanga upite, na mwani ulio chini yake ukaonekana. Yenyewe haina mizizi ya kunyonya maji, hivyo hunywa kwa mwili mzima na kukauka kwa mwili mzima.

Tabia ya kujikunja siyo ya spishi hii peke yake. Jangwa la Namib lina ndugu yake anayezurura na kujikunja vivyo hivyo. Kwa hiyo ukiiona inafunguka, furahi, lakini usiandike jina bado.

Umefanikiwa ikiwa: kitu ulichokipata kinainuka mkononi bila kung'olewa. Kama ulilazimika kukibandua kwenye jiwe au ardhi, hata kidogo, andika hilo kwenye daftari. Ni taarifa kubwa kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 4: Piga picha nne, siyo moja

Kabla ya kuichukua, piga hizi:

1. Mazingira: mita kadhaa za ardhi, mimea ionekane.
2. Kuvumwani ilivyolala, ikiwa kavu, na rula pembeni.
3. Ile ile baada ya kulowa na kufunguka.
4. Upande wa chini, kwa karibu, imegeuzwa juu ya karatasi nyeupe au kiganja.

Ya nne ndiyo watu husahau, na ndiyo yenye thamani kuliko tatu za kwanza pamoja. Ukiwa na muda mfupi, acha zote upige hiyo.

Piga kivulini. Jua kali la mwinuko huchoma rangi ya njano hadi inaonekana nyeupe, na kamera ya simu haijui kurekebisha.

## Hatua ya 5: Igeuze uisome

Shika lenzi karibu na jicho, siyo karibu na kitu. Lenzi ikigusa nyusi, inua sampuli polepole mpaka ionekane wazi. Wengi hushika lenzi mbali kama wanasoma gazeti, kisha wanalalamika kwamba hawaoni kitu.

Kagua kwa mpangilio huu:

Upande wa chini. Uwe wa kahawia, hafifu au iliyokoza. Utaona vishikizi: nyuzi fupi zilizosimama, kila moja peke yake, bila matawi. Kwenye spishi zinazoishi juu ya mawe nyuzi hizi ndizo gundi. Hapa zipo lakini hazijashika chochote. Zikiwa hazipo kabisa, umeshika kitu kingine. Kuvumwani za jenasi nyingine, Rhizoplaca zinazozurura, ambazo nazo ni za kijani-njano na zinapatikana kwenye nyanda hizo hizo, hazina vishikizi.

Upande wa juu. Uwe laini. Tafuta mambo mawili ambayo *hayatakiwi* kuwepo: vijinundu au vijiti vidogo vinavyosimama juu ya ganda, na unga unaotoka kwenye nyufa. Ukiona kimojawapo, siyo hii.

Visahani vya uzazi. Kwa kawaida havipo, kwa sababu spishi hii huenea kwa kuvunjika vipande. Ukikosa visahani usihuzunike.

Ndani. Chana ulimi mmoja uliolowa. Katikati uone tabaka jeupe lenye nyuzinyuzi. Huo ndio uboho. Ukumbuke vizuri, kwa sababu hatua ya 8 yote inauhusu.

## Hatua ya 6: Chukua kidogo, kausha haraka

Tatu hadi tano zinatosha. Ukikuta mahali pana chini ya ishirini hivi, piga picha tu na uondoke. Kinachoonekana kama takataka iliyopeperushwa na upepo kimechukua miaka kufikia ukubwa huo.

Ziokote zikiwa na unyevu kidogo. Zikiwa kavu kabisa zitakuwa unga kabla hujafika kwenye gari. Zilowe tu kiasi cha kulainika, zisitiririke maji.

Weka kila mkusanyiko kwenye bahasha yake ya karatasi. Andika papo hapo tarehe, GPS, mwinuko, aina ya udongo na mimea ya jirani. Usiseme "nitakumbuka jioni."

Nyumbani, tandaza juu ya gazeti mahali penye hewa, siku mbili. Usitumie jua kali, jiko wala mashine ya kukaushia nywele. Plastiki nimeikataza kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu, na ukungu ukishaingia, uboho hubadilika rangi na kipimo hakiaminiki tena.

Onyo kwa wafugaji na wapenda dawa za asili. Usiwape mbuzi au kondoo, na usiichemshe unywe. Mwaka 2004, karibu na Rawlins, mamia ya elki, wale kulungu wakubwa wa Amerika, walikutwa wamelala nyikani hawawezi kuinuka, misuli imeharibika, wengi wakafa. Matumbo yao yalikuwa na kuvumwani hii, na elki waliofugwa walipolishwa kwa majaribio walipata dalili zile zile. Jambo la ajabu ni kwamba swala wenye pembe za panda wa nyanda hizo hizo huila. Asidi ya usniki, inayoipa ganda lake rangi ya njano, imehusishwa pia na kuharibika kwa ini kwa watu waliomeza vidonge vya kupunguza uzito vyenye asidi hiyo, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kidonge cha namna hiyo.

## Hatua ya 7: Tengeneza potashi ya kipimo

Vaa glavu na miwani. Watoto watoke jikoni.

Pima mililita 10 za maji safi, ziweke kwenye chombo cha plastiki kisichoogopa joto. Ongeza gramu 1 ya potashi, kidogo kidogo, ukikoroga kwa kijiti. Hiyo ni asilimia 10 hivi. Daima potashi iingie kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya potashi kavu, joto linaweza kuyarusha usoni.

Iache ipoe, mimina kwenye chupa, bana kifuniko, andika "POTASHI – SUMU" na tarehe ya leo.

Tarehe hiyo si urembo. Potashi hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani na kugeuka taratibu kuwa kabonati, ambayo haifai kwa kipimo. Chupa iliyofunguliwa mara kwa mara huchoka ndani ya miezi michache, na ukiona ukoko mweupe mdomoni mwa chupa, tengeneza nyingine. Gharama yake ni ndogo mno kuliko safari ya kurudi Wyoming.

Ikikumwagikia: osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Usipake siki juu ya ngozi. Ikiingia jichoni, anza kuosha papo hapo, na aliye karibu akupigie simu ya dharura.

## Hatua ya 8: Kipimo chenyewe

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo twende polepole.

### Kwanza ijaribu potashi yako

Kabla ya kuigusa sampuli, hakikisha potashi ni hai. Kwenye mawe ya nyanda hizo kuna kuvumwani ya rangi ya machungwa iliyokoza, Rusavskia elegans, haikosekani machoni. Chukua kipande kidogo kutoka eneo lile lile uliloruhusiwa. Gusa *juu yake* kwa tone la potashi: inapaswa kugeuka zambarau-nyekundu papo hapo. Ikigeuka, potashi ni nzima. Isipogeuka, imwage.

Jaribio hili la sekunde tano linakuondolea mashaka yote ya baadaye. Kama umelipita na sampuli yako ikakataa rangi, utajua ni sampuli inayozungumza, siyo chupa.

### Fungua uboho

Tumia sampuli *kavu*. Iliyolowa huchanganya maji na potashi, na rangi inakuwa hafifu.

Weka ulimi mmoja chini ya taa nyeupe. Kwa ncha ya wembe, kwangua ganda la juu sehemu ya milimita mbili tatu, kwa mkono mwepesi, mpaka weupe utokeze. Ukiona kijani bado, uko kwenye tabaka la mwani, endelea kidogo. Ukiona kahawia, umetoboa hadi upande wa pili, hama sehemu.

Kosa kubwa liko hapa. Watu wanadondosha potashi juu ya ganda. Ganda lina asidi ya usniki, na asidi hiyo haibadiliki rangi kwa potashi. Asidi inayotafutwa, ya salazini, iko ndani ya uboho. Kwa hiyo mtu anapata "hakuna rangi," anaandika "hasi," na kumbe hajaigusa sehemu yenye jibu.

### Gusa, usimwage

Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye potashi, futa ziada kwenye ukingo wa chupa, kisha gusa weupe ule. Tone kubwa litaisambaza asidi na kuipeleka pembeni, nawe utabaki na doa lenye rangi ya maji ya chai.

Angalia kupitia lenzi na usiondoe jicho:

- Sekunde chache za kwanza: njano.
- Kisha inageuka machungwa.
- Ndani ya dakika moja au mbili: nyekundu ya damu.

Wapo wanaoona njano, wakaandika "njano" na kufunga daftari. Subiri. Njano inayobaki njano au kuishia machungwa ni jibu la spishi nyingine. Njano inayogeuka nyekundu ndiyo tunayoitaka. Tofauti ya majina mawili iko katika dakika hiyo moja ya subira.

Na ile balbu ya njano: chini yake kila kitu cheupe kina unjano tayari, machungwa na nyekundu vinakaribiana, na hutajua kilichotokea. Dirishani mchana, bila jua la moja kwa moja, ni pazuri kuliko taa nyingi.

### Ukibaki na mashaka

Kata kipande chembamba chenye uboho ulio wazi, kilaze kifudifudi juu ya karatasi ya shashi, kisha weka potashi kidogo juu yake. Rangi itavuja ikaingia kwenye karatasi nyeupe, na hapo haina kijani cha kuichanganya macho. Piga picha ya karatasi hiyo mara moja, kwa sababu rangi hubadilika ikikauka.

Usiendelee na kipande kilichoguswa na potashi. Kitupe, kisirudi kwenye bahasha.

Vitabu vya utambuzi vitakutajia pia kipimo cha dawa iitwayo parafenilenediamini. Kwa mtu wa nyumbani, achana nayo. Ni sumu, inachafua kila inapogusa, na kwa swali letu haiongezi kitu ambacho potashi haijakuambia.

Umefanikiwa ikiwa: umerudia kwenye ndimi mbili tofauti na zote zimetoka njano hadi nyekundu.

## Hatua ya 9: Waondoe wanaofanana nayo

Umbo limekubali, potashi imekubali. Bado wapo ndugu.

Xanthoparmelia wyomingica nayo ina asidi ya salazini na inakuwa nyekundu. Ndimi zake ni nyembamba zaidi, mara nyingi imejishika ardhini kwa ulegevu, na inapenda miinuko ya milimani kuliko nyanda. Hapa ndipo ile taarifa ya "nilibandua kidogo" inapokuokoa.

Xanthoparmelia coloradoensis huishi juu ya mawe, lakini vipande vyake huanguka na kukutwa ardhini. Angalia upande wa chini kama kuna chembe za mwamba zilizong'ang'ania vishikizi, na angalia mawe ya jirani.

Xanthoparmelia cumberlandia ni ya mawe pia, na potashi kwenye uboho wake huishia machungwa. Kipimo chako kitaikamata.

Xanthoparmelia lipochlorochroa inazurura na inafanana sana na yetu kwa umbo, ila haina asidi ya salazini, hivyo potashi haileti rangi. Ukipata "hasi" huku potashi yako imethibitishwa kwa ile ya machungwa, usiitupe sampuli. Inaweza kuwa ya kuvutia zaidi kuliko uliyokuwa ukiitafuta.

Xanthoparmelia neochlorochroa ndiyo msumbufu. Inazurura, inafanana, na ina asidi ya norstikti, ambayo nayo hutoa njano ikaenda nyekundu. Kwa lenzi na potashi pekee huwezi kuwa na uhakika. Maabara huzitenganisha kwa kromatografia ya tabaka jembamba, ambayo huzipandisha asidi hizi hadi vimo tofauti.

Msimamo wangu: kama hujafanya kromatografia, andika *Xanthoparmelia cf. chlorochroa*. Herufi hizo mbili zinamwambia msomaji kwamba umeilinganisha na spishi hiyo na imekubali kwa ulivyoweza kuipima. Wanaoandika jina kamili kwa picha moja ya juu wanajaza hifadhidata uchafu ambao mtu mwingine atausafisha.

Ukipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe ili vitambuliwe, weka picha zote nne pamoja na ya shashi, na katika maelezo andika: "uboho, potashi: njano kisha nyekundu." Sentensi hiyo fupi itakuletea majibu kutoka kwa wajuzi ambao kwa kawaida hupita kimya.

## Hatua ya 10: Bahasha, lebo na hifadhi

Kunja karatasi imara isiyo na asidi iwe bahasha ya takribani sentimita 10 kwa 15, mdomo ukunjwe juu mara moja. Usitumie gundi wala stepla. Atakayeifungua miaka thelathini ijayo asilazimike kuipasua. Ndani, weka kadi ngumu ili sampuli isivunjike.

Lebo iwe na jina, nchi, jimbo na kaunti, maelezo ya mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, ilikuwa juu ya nini, mimea ya jirani, matokeo ya potashi, tarehe, na jina lako. Kwenye "ilikuwa juu ya nini" usiandike "udongo" ukaishia hapo. Andika "juu ya mfinyanzi wenye changarawe, haijajishika." Kama unakusudia kuipeleka hebaria, yaani hifadhi ya sampuli kavu za mimea na kuvumwani, ya Marekani, lebo iwe kwa Kiingereza, la sivyo itakaa kwenye sanduku la kusubiri. Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder kina mkusanyiko mkubwa wa kuvumwani. Andika barua pepe kwanza, eleza una nini, na uambatanishe nakala ya kibali. Hebaria nyingi hukataa sampuli isiyo na kibali, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kabla ya kuihifadhi, ua wadudu. Weka bahasha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki nzima. Hapa plastiki inaruhusiwa kwa sababu sampuli imeshakauka. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la chumba ndipo ufungue. Ukifungua ikiwa bado baridi, hewa ya chumba itatua juu yake kwa umbo la maji, na utaanza kuikausha upya.